Neno la Mapenzi Lililogeuka Jina la Mwonevu

Watoto wetu waendao shule hurejea nyumbani na neno la Kiingereza, "bully". Ukiwauliza maana yake watakwambia ni mwenye nguvu amtesaye mnyonge, kwa mkono au kwa ulimi. Wasema kweli. Lakini neno hili halikuzaliwa na maana hiyo, na khabari yake ina mazingatio.

Wajuzi wa lugha waonelea kuwa yamkini asili yake ni neno la Kiholanzi "boele", yaani mpenzi. Katika karne ya 16, Mwingereza aliyemwita mwenziwe "bully" alimwita kipenzi chake. Katika mchezo wa Shakespeare wa miaka ya 1590, A Midsummer Night's Dream, mafundi wamwita hivyo Bottom, mfumaji mwenzao, kwa kumpenda. Baadaye neno likawa la mtu hodari apendezaye. Kisha la mwenye kujigamba na kutisha watu. Mwisho likamwangukia mwonevu.

Yawaje sifa kugeuka lawama? Sisi twaona hivi: hodari akisifiwa kila siku, wala asiulizwe nguvu zake azitumia juu ya nani, hudhani kila afanyalo ni uhodari.

Wala tusiwacheke Waingereza, kwani lugha yetu ina jambo lifananalo na hilo. "Kuonea" latokana na "kuona". Twasema kumwonea mtu huruma. Na twasema kumwonea mtu, tukikusudia kumdhulumu. Kitenzi ni kimoja; kilichoondoka ni huruma. Basi mwenye nguvu amtazamapo mnyonge, njia zake ni mbili: amwonee huruma, au amwonee.

Na njia hizo hufunzwa nyumbani. Mtoto ampiga mdogo kuliko yeye na kumnyang'anya kitu chake, babake, badala ya kumkanya, acheka barazani na kusema, "Huyu ni simba wangu!" Jina ni la mapenzi, lakini mtoto amefahamu kuwa dhuluma yapendeza. Akiwa mkubwa, atakaowaonea ni mkewe, jirani yake na mtumishi wake, na babake huenda akawa miongoni mwao.

Yatupasa tuchunge majina mema tuwapayo wana wetu. Tumwite simba yule amlindaye mdogo. Na ampigaye mdogo tumwambie waziwazi, hata akiwa kipenzi chetu: "Umeonea, nenda ukamtake radhi."