Ngoma au Kushangilia: Uhuru wa Kijana Mkristo Katika Kuchagua

Msimu wa michezo ya UMISSETA unapokaribia, shule za sekondari za Njombe na Makambako huanza kuandaa timu zao, na si timu za mpira tu. Huandaliwa pia kwaya na vikundi vya ngoma, na pembeni ya uwanja wa netiboli hujitokeza kundi la washangiliaji wenye nyimbo zao, makofi yao na hatua zao. Binti wa miaka 15 mwenye mwili mwepesi na sikio la muziki huitwa pande zote mbili. Mazoezi ni jioni ile ile, naye hawezi kuwa mahali pawili. Wapo wanaoamua kwa kufuata marafiki. Wapo pia wanaokuja ofisini kwa mchungaji na kuuliza, "Baba Mchungaji, Mungu anataka niingie wapi?"

Mtu mzima anaweza kucheka akisikia swali hilo. Mbona halihusu ndoa wala kazi? Lakini kwa kijana huu ni uamuzi wa kwanza ambao ni wake kweli. Namna tutakavyomfundisha kuamua jambo hili ndiyo namna atakayoamua mambo makubwa baadaye.

Vijana wa nchi nyingine hukutana na swali linalofanana na hili. Marekani binti huchagua kati ya balei na kikundi cha kushangilia uwanjani. Balei ilipewa chuo chake cha kifalme huko Ufaransa mwaka 1661, chini ya mfalme Louis wa 14, na siku hizi hata watoto wa Kibera, Nairobi, wamejifunza balei katika darasa la kawaida. Kushangilia kwa mpangilio kulianza katika Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1898, na walioanza walikuwa vijana wa kiume. Anayedhani kwamba kushangilia ni kazi ya wasichana tu, na afikiri tena. Hapa kwetu hakuna shule ya balei, lakini tunayo ngoma, na ngoma nayo ina hatua zake zisizokubali uzembe, ina mwalimu na ina miaka ya kujifunza. Swali ni lile lile: je, nitoe nguvu zangu kwenye sanaa inayotazamwa, au kwenye kelele ya furaha inayowatia wengine moyo?

Jibu la kwanza ni hili: si kila uchaguzi ni kati ya jema na baya. Wazee wetu wa imani ya Kilutheri, katika ungamo la mwaka 1577, sehemu ya kumi, walizungumzia mambo ambayo Neno la Mungu halikuyaamuru wala halikuyakataza. Wao walikuwa wakishindana juu ya taratibu za ibada. Hata hivyo, kanuni yao inatufaa: mahali ambapo Mungu ameacha uhuru, mwanadamu asiweke sheria na kuifanya njia ya wokovu. Kwa hiyo binti anayeuliza Mungu anataka nini hahitaji kuogopa kwamba kuna jibu moja lililofichwa mbinguni, na kwamba akilikosa amepotea. Baba mwema anaweza kumwekea mtoto mezani viazi na mahindi, akafurahi mtoto achukue chochote kati ya hivyo.

Wapo watakaosema, "Lakini ngoma si ya Mkristo." Hofu hii ina historia. Wamisionari wengi walipoleta Injili katika nchi zetu waliikataza ngoma, wakiiona imefungamana na ibada za zamani na ulevi. Hawakukosea kwamba yapo mazingira ya ngoma yanayoharibu watu. Lakini kanisa lenyewe halikuishia hapo. Katika miaka ya 1960, katika chuo cha theolojia cha Makumira, mwalimu Howard Olson alikusanya nyimbo zenye tuni za makabila ya Tanzania zikawa kitabu kiitwacho Tumshangilie Mungu. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi hapo Makumira, aliandika wimbo wa Pasaka Mfurahini Haleluya, unaoimbwa kwa tuni ya Kihaya. Leo wimbo huo unaimbwa katika makanisa ya mabara mengine. Kilichokuwa kimewekwa nje ya mlango kiliingizwa ndani, kikatumika kutangaza ufufuo.

Tukifungua Maandiko tunakuta ngoma na kushangilia, vyote viwili, na vyote viwili vimewekwa mbele yetu bila kufichwa hatari zake. Miriamu alichukua tari, na wanawake wakamfuata wakicheza, baada ya Bahari ya Shamu (Kutoka 15). Daudi alicheza mbele za sanduku la Bwana kwa nguvu zake zote, na Mikali akamdharau moyoni (2 Samweli 6). Lakini pia yupo binti wa Herodia aliyecheza siku ya kuzaliwa ya Herode (Marko 6). Tunasoma habari hiyo tukimlaumu binti, kumbe tuangalie vizuri. Alipoambiwa aombe chochote, alitoka kwenda kumwuliza mama yake. Kipaji kilikuwa cha mtoto, lakini matumizi yake yaliamuliwa na watu wazima wenye chuki, mezani palipojaa wakubwa waliokuwa wakila na kunywa. Mwili wa binti ukafanywa chombo cha kumwua nabii. Kosa la karamu ile lilikuwa kwa watu wazima waliomzunguka mtoto, wala si katika kucheza kwake.

Na kushangilia? Wanawake wa Israeli walitoka kumlaki Sauli kwa kuimba na kucheza, wakamhesabia Daudi ushindi mara kumi kuliko wa mfalme (1 Samweli 18). Walikuwa na furaha ya kweli. Lakini wimbo wao ulipima watu, ukamwinua mmoja kwa kumshusha mwingine, na tangu siku ile Sauli akamwonea Daudi wivu. Kesho yake mkuki ulirushwa ndani ya nyumba. Mshangiliaji anao ulimi wenye nguvu, na nyimbo za kuidharau shule ya jirani zimewahi kuanzisha ugomvi ambao mpira wenyewe haukuuanzisha.

Basi kijana ajiulize: kila njia itanijenga vipi, na itanijaribu vipi?

Ngoma humfundisha mtu kuutawala mwili wake. Paulo anatumia mfano wa mwanariadha anayejizuia katika yote ili apate taji (1 Wakorintho 9). Anayerudia hatua moja jioni nzima hujifunza uvumilivu utakaomfaa mbele ya kitabu cha hesabu na baadaye mbele ya kitanda cha mgonjwa. Jaribu lake ni kujitazama, na kuhesabu macho ya watu kana kwamba ndiyo thamani yake.

Kushangilia hufundisha jambo jingine, na kwa maoni yangu ni jambo adimu zaidi kati yetu. Paulo anatuagiza kufurahi pamoja na wanaofurahi na kulia pamoja na wanaolia (Warumi 12). La pili tunaliweza. Msiba ukitokea kijijini, watu hujaa uani, kuni huletwa na maji huchotwa. Lakini jirani akivuna parachichi nyingi na kuezeka nyumba kwa bati jipya, ni wangapi huenda kumpongeza bila kunong'ona kwamba ana dawa? Kijana anayekaa pembeni ya uwanja akimwimbia mwenzake aliyefunga goli, huku yeye mwenyewe hatapewa kikombe, anafanya zoezi la kiroho. Ndiyo karama ya Barnaba. Alipofika Antiokia na kuona neema ya Mungu kwa watu ambao si yeye aliyewahubiri, alifurahi, akawatia moyo, kisha akaenda Tarso kumtafuta Sauli, mtu ambaye baadaye angejulikana kuliko yeye (Matendo 11). Jaribu la mshangiliaji ni kuwa pambo tu, mtu asiye na sauti yake ila ya kurudia za wengine.

Inabaki hoja ya mwili. Wazazi hunukuu mafundisho ya Paulo kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, wakimaanisha kwamba binti asionekane akicheza mbele za watu. Ni kweli mavazi na mienendo vina heshima yake. Lakini tukumbuke hekalu lilikuwa mahali pa namna gani. Halikuwa ghala la kufungia vitu. Lilikuwa mahali pa matoazi, matari, vinanda na kucheza, kama Zaburi 150 inavyoorodhesha. Mwili ukiwa hekalu, unalindwa ili usifiwe Mungu ndani yake, si ili uonewe aibu.

Ni nani basi anayeamua? Amri ya nne inasema habari za kuwaheshimu baba na mama, na Luther katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 anaifafanua kuwa ni kuwapenda, kuwatumikia na kuwatii. Luther mwenyewe aliijua mivutano hii. Baba yake, Hans, alitaka awe mwanasheria. Mwaka 1505, akiwa na miaka 21, aliingia utawani bila ridhaa yake, na baba akakasirika. Mwaka 1521 alimwandikia baba yake, akikubali kwamba alikuwa amevunja utii, na wakati huo huo akishuhudia kwamba Mungu alikuwa ameligeuza jambo lile kuwa jema. Mzazi ana mamlaka ya kweli, lakini mzazi si Mungu.

Nawaambia wazazi: kulinda ni wajibu wenu, kuchagua kila kitu si wajibu wenu. Kulinda kwenyewe si jambo dogo kwetu. Utafiti wa kitaifa wa 2016 hadi 2017 ulionyesha kwamba asilimia 11.4 ya watu wazima wa mkoa wa Njombe wanaishi na VVU, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Makambako ni njia panda: malori ya barabara kuu ya kwenda Zambia, mabasi ya Songea na reli ya TAZARA vyote hukutana hapo. Mzazi anayeuliza mwalimu wa ngoma ni nani, mazoezi yanakwisha saa ngapi, na timu ikisafiri mabinti watalala wapi na chini ya uangalizi wa nani, huyo hamwonei mtoto. Anafanya kile ambacho watu wazima wa karamu ya Herode hawakufanya. Lakini maswali hayo yakijibiwa vizuri, amwachie binti achague. Siku ya kipaimara tulimsimamisha mbele ya madhabahu, akaungama imani kwa kinywa chake mwenyewe, na sote tukaitikia Amina. Ikiwa tulimwamini kwa jambo hilo kuu, je, tushindwe kumwamini kati ya ngoma na kushangilia?

Kwa kijana nina maneno machache. Omba, kisha ongea na wazazi wako, kisha jiulize kwa ukweli: ni wapi nitawafaa wenzangu zaidi, na ni kwa sababu gani navutwa kule ninakovutwa? Kisha chagua, na uingie kwa moyo wote. Utaumia kidogo kwa kile ulichokiacha, kwa sababu nacho kilikuwa chema. Na ukiona baada ya muhula mmoja kwamba hapakufai, waage wenzako kwa heshima, ukajaribu pengine. Jina lako halikuandikwa mbinguni kwa sababu ya kikundi ulichojiunga nacho. Uliitwa kwa jina siku ya ubatizo wako, kabla hujajua kupiga hatua hata moja.

Na sisi washarika tuliobaki tuna kazi pia. Jumamosi ya mashindano, mzee wa kanisa aliyezoea kuwasema vijana kwa sababu ya michezo yao anaweza kuvaa koti lake, maana baridi ya Njombe haina mzaha, akaenda uwanjani, akasimama pembeni na kupiga makofi.