Ndege Ndio Waliopanga Ratiba



Jumapili ya tarehe 19 Juni 2016, huko Suffolk, mashariki mwa Uingereza, watu walikatiza usingizi usiku wenye giza kwenda kusikiliza piano. Walielekea Snape, kijiji kilicho kando ya mto Alde, ambako majengo ya zamani ya kuoteshea shayiri ya bia yaligeuzwa kuwa ukumbi wa muziki mwaka 1967. (Ukumbi huo uliungua miaka miwili baadaye, tamasha lilipokuwa ndiyo kwanza limeanza, ukajengwa upya ndani ya mwaka.) Nje ni tope, maji ya bahari yanayopanda na kushuka, na matete mengi.

Tamasha la Aldeburgh lilianzishwa mwaka 1948 na mtunzi Benjamin Britten na wenzake. Mwaka huo wa 2016 mpiga piano Mfaransa Pierre-Laurent Aimard alikuwa anamaliza kipindi chake cha kuliongoza, na kwa siku hiyo moja aliamua kupiga kazi nzima ya Olivier Messiaen iitwayo Catalogue d'oiseaux, yaani Orodha ya Ndege. Ina vipande 13, kila kimoja na ndege wake na mahali pake, na vyote pamoja huchukua karibu saa tatu. Ingekuwa rahisi kuvipiga jioni moja watu wakishakula, kukawa na mapumziko katikati, kisha wote wakarudi kulala. Aimard alivigawa siku nzima. Alianza alfajiri, na Juni huko jua huchomoza kabla ya saa 11. Jioni akaenda kwenye hifadhi ya ndege ya Minsmere, akamaliza usiku ukiwa umekwisha kuingia. Ndege wa asubuhi wakapata asubuhi yao, wa usiku wakapata giza lao.

Nimewaza sana juu ya siku ile kwa sababu moja. Matamasha mengi ya muziki hujipa jina la bahari, la msitu au la majira. Jina hukaa kwenye bango, picha ya jani huwekwa kwenye tiketi, halafu ukumbini mambo huendelea kama mwaka jana. Huko Suffolk ndege waliingilia usingizi wa watu. Waliulizwa wanaimba saa ngapi, na saa hizo ndizo zikawa ratiba.

Sisi tunaosali Liturujia ya Vipindi tunapaswa kuutambua utaratibu huu: Masifu ya Asubuhi, sala za mchana, Masifu ya Jioni, Sala ya Mwisho. Mwenye Zaburi ya 104 naye aliufahamu. Someni polepole mpangilio wake. Ndege wanaimba kwenye matawi kando ya vijito katika aya ya 12, kabla mwanadamu hajatajwa. Usiku ni zamu ya simba, wanaomwomba Mungu chakula chao. Jua likitoka wanarudi mapangoni, ndipo katika aya ya 23 mtu anatoka kwenda kazini hadi jioni. Sifa zilikwisha kuanza zamani, na sisi tunaingia wengine wakiwa wamekwisha kushika nafasi zao.

Messiaen aliliamini jambo hili kwa moyo wake wote. Alizaliwa Avignon mwaka 1908, akawa mpiga kinanda wa kanisa la Utatu Mtakatifu mjini Paris kuanzia 1931 hadi alipofariki mwaka 1992. Zaidi ya miaka 60 kwenye kinanda kimoja! Msidhani ilikuwa miaka ya makofi. Waumini walimlalamikia kwamba muziki wake unaumiza masikio, na kusema kweli si muziki mwepesi. Ukiusikia mara ya kwanza unaweza kudhani mtoto anagonga piano ovyo. Yeye aliendelea kuja kila Jumapili. Wanakwaya wetu wanaosusa kwa sababu wimbo wao haukupangwa siku ya sikukuu, hapo wana mtu wa kumtafakari.

Vita vya pili vya dunia vilipoanza alichukuliwa jeshini, akapelekwa Verdun. Huko alikutana na mpiga selo Étienne Pasquier, naye alikuwa koplo. Wakapatana wawe walinzi wa zamu ya alfajiri, zamu ambayo askari wengine waliikimbia. Wakisimama gizani walisubiri mlio mmoja mdogo wa ndege, kisha kimya, kisha wa pili, na mara mashamba yote yakajaa sauti. Baadaye walitekwa na Wajerumani. Katika kambi ya wafungwa karibu na Görlitz, usiku wa tarehe 15 Januari 1941, wafungwa wanne walipiga kazi ya Messiaen iitwayo Quatuor pour la fin du temps, yaani Kwarteti ya Mwisho wa Wakati, Messiaen mwenyewe akiwa kwenye piano na Pasquier kwenye selo. Ndani yake ipo sehemu ambayo klarineti huimba peke yake habari za ndege na shimo refu la huzuni. Aliyewasikiliza ndege akiwa mlinzi ndiye aliyekuwa na cha kuimba akiwa mfungwa.

Vita vilipokwisha akawa mwanafunzi wa ndege. Alitembea na daftari la noti mashambani na milimani, akimwandika kila mmoja kwa sikio. Yvonne Loriod, mpiga piano ambaye baadaye alikuwa mkewe, alimsaidia kurekodi. Orodha ya Ndege aliitunga kati ya 1956 na 1958, akaitoa kwa ndege na kwa Loriod. Hata hivyo alikiri wazi kwamba kunakili kamili hakuwezekani. Ndege huimba kwa kasi ambayo vidole havifikii, juu mno kwa ala zetu, na hatua zao za sauti ni ndogo kuliko zile za vitufe vya piano. Ikambidi apunguze kasi, ashushe sauti, apanue hatua. Katika ibada zetu mimi na ninyi tuko hapo hapo. Tunatoa tunachokiweza cha kitu ambacho hatukimudu, na ni afadhali tukijua hivyo.

Katika vipande hivyo 13 kimo kimoja cha bundi. Messiaen hakumremba. Alimwandika pamoja na hofu ya usiku, kwa mlio unaotisha kama mtoto anayeuawa. Nawajua watu wangu: bundi akitua juu ya bati, asubuhi naitwa kubariki nyumba, na jirani mmoja au wawili wamekwisha kushukiwa. Huyu Mkristo mwenzetu alimpa bundi ukurasa wake katika kazi ya sifa, hofu yake yote ikiwa ndani, bila kumsingizia uchawi. Zaburi ya 148 inawaita viumbe vyote, hata vilindi na nyoka wa baharini, na sijaona mahali inapomtoa bundi.

Kipande kirefu kuliko vyote, kama nusu saa, ni cha kindege mdogo wa kahawia anayejenga kiota chake katikati ya matete. Kinafuata saa 27 za bwawa moja, tangu usiku wa manane hadi saa 9 ya usiku uliofuata, vyura wakiwamo. Matete ya Snape na Minsmere yana ndege hao hao. Baridi ya Ulaya ikija, ndege hao huhamia Afrika kusini mwa Sahara, na baadhi yao hufika mabwawa ya Uganda, Kenya na Tanzania. Kipande cha mwisho ni cha sululu, yule wa mdomo mrefu uliopinda, akilia kwenye kisiwa cha Ouessant huku mawimbi yakipiga na honi ya mnara wa taa ikinguruma. Wapwani wanamjua. Hutembea kwenye tope la mikoko maji yakitoka, kuanzia Mida hadi delta ya Rufiji. Yupo sasa katika orodha ya ndege wanaokaribia kuwa hatarini. Ndugu yake mwenye mdomo mwembamba alionekana kwa uhakika mara ya mwisho Morocco mwaka 1995.

Kwa hiyo siku ile ya Suffolk ilitugusa huku bila waliokuwapo kutufikiria. Sehemu ya mwaka waimbaji hao wako mikononi mwetu. Anayekata mikoko kwa ajili ya mkaa, na anayekausha bwawa apande nyanya mbili tatu, wanagusa kwaya ambayo watu wa mbali huamka usiku kuisikiliza. Yesu katika Mathayo 6 anatuagiza tuwaangalie ndege. Wengi wetu tumelifanya neno hilo faraja ya siku ambazo hakuna unga, na ni faraja kweli, lakini kwanza ni agizo: angalieni. Haliwezi kutimizwa na mtu asiyewatazama kamwe.

Jumapili ijayo, kwenye misa ya saa 12 asubuhi, nimemwomba fundi asiwashe vipaza sauti mpaka wimbo wa mwanzo. Zile dakika ambazo hujazwa na kujaribu maikrofoni na kutafuta nyaya, tutakaa kimya. Anayeweza kufika saa 11 na nusu afike. Mwembe ulio nyuma ya sakristia huwa umeanza kitambo, na ukibahatika utamsikia tiva, dume na jike wakipokezana sauti hadi udhani ni ndege mmoja. Mwalimu wa kwaya amekubali, ingawa ameonya kwamba kinanda kisipojaribiwa mapema kinaweza kukata sauti katikati ya Utukufu. Nimemjibu kwamba ikiwa hivyo, tutaimba bila kinanda.