Mwili wa Mgonjwa ni Amana: Tumkabidhi Nani?



Mtu akitaka kusafiri kwa chombo huuliza nahodha ni nani. Akitaka kumfulia mkewe mkufu huuliza sonara gani mwaminifu. Lakini mzazi wake akiangushwa na kiharusi, au mwanawe akivunjika mkono, humwita yeyote aliyetajwa barazani, wala hamuulizi kazi hiyo kaisomea wapi. Huona haya. Na haya hiyo haikuwekwa mahali pake.

Namjua mama mmoja aliyepooza upande wa kulia. Hospitali walisema apelekwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Wanawe wakaona ni mbali na ni gharama. Wakamleta mtu wa kuchua, kwa kuwa ni jamaa yao. Kila asubuhi akiuvuta ule mkono uliolegea, na mama akilia, nao wakiambiwa kuwa kulia ni dalili ya mishipa kuamka. Haukupita muda fuzi likatoka mahali pake. Nilipokwenda kumzuru niliambiwa: "Ni kudura ya Mungu, sheikh."

Kudura twaiamini, nayo ni katika nguzo za imani. Lakini kudura si shuka ya kufunikia uzembe. Maradhi hatukuyachagua, yule mtu tulimchagua sisi, na kwa hilo tutaulizwa.

Tumtazame Bwana Mtume (s.a.w.). Imam Malik amepokea katika Muwatta ya kuwa mtu mmoja alijeruhiwa, wakaitwa watu wawili wa Banu Anmar. Mtume akawauliza ni yupi kati yao ajuaye zaidi utabibu. Hakuuliza ni yupi jamaa, wala ni yupi rahisi. Ikiwa yeye aliuliza, vipi sisi tuone kuuliza ni utovu wa adabu, au ni kupungukiwa na tawakkul?

Naye Abu Daud amepokea kisa cha mtu aliyepasuka kichwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Wenzake wakamwambia hana ruhusa ya kutayamamu, akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliwalaumu kuwa wamemuua, akabainisha kuwa ponya ya ujinga ni kuuliza. Hapana shaka nia yao ilikuwa njema, lakini nia njema haikumrudisha maiti. Na katika hadithi nyingine, ajitiaye utabibu hali hajulikani kuwa ni tabibu, dhamana ya madhara i juu yake.

Maulamaa walishika njia hiyo. Shayzari, mwanachuoni wa Sham wa karne ya 12, aliandika katika kitabu chake cha hisba kuwa muunga mifupa asiachiwe kufanya kazi mpaka aijue mifupa ya mwanadamu, nao wakati huo wakiihesabu 248. Leo kwa mtu mzima huhesabiwa 206. Hesabu imesahihishwa, sharti la kujua limebaki.

Basi tuulize nini? Kwanza, amesoma wapi na ana cheti gani. Hapa Kenya, sheria ya mwaka 2014 imeweka Baraza la kuwasajili wataalamu hawa, na aliyesajiliwa hachukii kuulizwa. Pili, tutazame afanyavyo. Mjuzi huuliza kabla ya kugusa: maradhi yalianza lini, daktari alisema nini, wapi pauma. Huwafundisha watu wa nyumbani jinsi ya kumgeuza na kumzoeza mgonjwa. Akiona mguu mmoja wa aliyelala sana umevimba na una moto, hauchui, bali humrudisha kwa daktari. Kwani huenda ni damu iliyoganda, na kuichua kwaweza kuipeleka mapafuni ikaua. Ama aahidiye kumponya mgonjwa kwa siku tatu, au amwambiaye atupe dawa za hospitali, tumkimbie.

Wako wanaouliza habari ya mwanamke. Atafutwe mwanamke mjuzi. Asipopatikana, mwanamume mjuzi humtibu kwa dharura, mahramu wake akiwapo, na pasifunuliwe ila panapohitajiwa. Sitara ni wajibu, lakini haituruhusu kumkabidhi mgonjwa kwa asiyejua.

Wala sisemi wakandaji wetu ni watu wabaya. Kumchua mtu aliyechoka ni jambo moja. Kiungo kilichopooza au mfupa uliovunjika ni jambo jingine, na mkandaji mwema huujua mpaka wake.

Yule mama hakuwa na ulimi wa kukataa. Kiharusi kilikuwa kimeuchukua. Wanawe ndio waliokuwa ulimi wake, nao wakaona haya kumuuliza jamaa yao neno moja. Mwenyezi Mungu atusamehe, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuitekeleza amana. Amin.