Anatulizwa Tu

Mtaani kwetu Bunju mgonjwa anayesifiwa ni yule asiyelia. Wageni wanatoka chumbani wakisema, "Jamani, ana moyo yule!" Sijawahi kumsikia mgonjwa mwenyewe akiomba sifa hiyo.

Shangazi yangu aliipata wiki kadhaa. Saratani ya shingo ya kizazi ilikuwa imeshafika kwenye mifupa ya nyonga, na morfini ya kunywa aliyopewa Ocean Road iko juu ya kabati. Aliyeiweka huko ni baba mdogo, na sababu anayo. Mwanawe aliharibiwa na unga; siku hizi kila asubuhi huenda Mwananyamala kunywa methadoni mbele ya muuguzi. Baba mdogo anajua heroini hutengenezwa kutokana na morfini. Nikamwambia, "Baba, methadoni nayo ni ya ukoo huohuo." Akanijibu, "Mwanangu anatibiwa. Dada yangu anatulizwa tu."

Hilo "tu" ndilo ninaloligombania. Linachukulia kwamba ugonjwa usipopona, maumivu yake hayana haja ya kushughulikiwa. Tena linamdai mgonjwa uvumilivu ambao anayeudai hautoi mfukoni mwake. Uganda walilikataa mapema: Hospice Africa Uganda, aliyoianzisha daktari Anne Merriman mwaka 1993, ilieneza morfini ya maji ya kunywea nyumbani, na tangu 2004 wauguzi waliosomea huduma hiyo wanaruhusiwa kuwaandikia wagonjwa wenyewe.

Hofu ya baba mdogo siicheki. Dozi ikizidi, pumzi hupungua hata kukoma. Ndiyo maana hukisii kipimo, wala humgawii jirani anayeumwa mgongo. Shangazi aliambiwa anywe kila baada ya saa 4, kabla maumivu hayajarudi, asingoje mpaka alie. Usingizi na kichefuchefu vya mwanzo hupungua baada ya siku chache. Choo kigumu hakipungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha huanza siku hiyohiyo. (Tulipoanza kumpa, alilalamikia choo kuliko saratani.) Na mwili kuizoea dawa si uraibu. Mraibu huendelea kuitafuta hata inapomvunjia maisha. Shangazi aliitaka ili aweze kukaa kitako ale.

Baba mdogo alibaki na hoja moja ambayo bado naifikiria: kwamba dawa inamlaza, inatunyang'anya saa zake chache. Ni kweli alisinzia zaidi. Lakini kabla ya hapo alikuwa macho usiku kucha, uso ameugeuzia ukutani, na hakuna aliyeweza kuzungumza naye.