Wapunjao Vipimo, na Watu wa Ziwa Mweru



Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahali zake, masahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, Suratul Mutaffifin wengi wetu tumeihifadhi tangu madrasa, na kila inaposomwa akili zetu hukimbilia sokoni, kwa muuza sukari mwenye mzani wa hila na muuza mafuta mwenye kopo lililobonyea kitako. Ibn Abbas (R.A) amesimulia kuwa Mtume (S.A.W) alipofika Madina aliwakuta watu wake wabaya mno katika upimaji, ikateremka sura hii, nao wakajirekebisha. Sura inawatahadharisha watu wenye tabia moja maalumu: wanapopokea kutoka kwa wenzao hutaka kipimo kijae, lakini zamu yao ya kutoa ikifika, hupunguza.

Leo naomba tuitoe sura hii sokoni tuiingize kwenye utafiti. Mtafiti naye ni mtu wa vipimo. Anachukua tone la damu kidoleni mwa mtoto, anachukua saa nzima ya mama aliyekuwa anaanika dagaa, anaandika idadi ya watoto waliozaliwa na waliokufa. Anachukua kamili. Sisi tuliokwenda fildi tunajua kwamba dodoso likikosa ukurasa wa mwisho msimamizi halipokei. Je, siku ya kurudisha tunarudisha nini?

Mfano wangu uko mbali kidogo na hapa chuoni, ila si mbali kama mnavyodhani. Magharibi ya ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika kuna Ziwa Mweru, na upande wake wa mashariki, katika Mkoa wa Luapula nchini Zambia, iko Wilaya ya Nchelenge. Ng'ambo ya maji ni Kongo. Ndani ya ziwa hilo kuna kisiwa kiitwacho Kilwa, jina ambalo mtu wa pwani akilisikia lazima ageuze shingo. Na tuseme kweli: misafara ya watu wa pwani iliyofika nchi hizo katika karne ya 19 haikwenda kufundisha Fatiha. Ilikwenda kutafuta pembe za ndovu na watu wa kuuzwa. Mwaka 1867 Tippu Tip alimpiga Nsama, mtawala wa Watabwa, katika nchi iliyo kati ya Tanganyika na Mweru, na kutoka hapo akaondoka na shehena kubwa ya pembe. Lugha ninayoiandikia makala haya ilisikika huko kwanza midomoni mwa watu waliokuja kuchukua. Nalitaja hili kwa sababu tunapenda kusimulia habari za biashara ya pwani kama hadithi ya heshima tupu.

Sasa tuje kwenye afya. Uchunguzi wa kitaifa wa malaria uliofanyika Zambia mwaka 2018 ulikuta vimelea katika damu ya takriban watoto 9 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano. Huko Luapula walikuwa takriban 30 kati ya 100. Katika Mkoa wa Lusaka na Mkoa wa Kusini malaria ilikaribia kutoonekana. Nchi ni moja, serikali moja, dawa zile zile. Mtoto wa Choma na mtoto wa Nchelenge wanaimba wimbo mmoja wa taifa, lakini usiku kila mmoja analala na hatari yake.

Na si kwamba Nchelenge imesahauliwa na wataalamu. Mradi wa kimataifa wa utafiti wa malaria ulioanza mwaka 2010, unaowashirikisha Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Kitropiki cha Ndola na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, uliichagua wilaya hii makusudi ili isimame kama mfano wa mahali ambapo malaria haikubali kushuka, ikilinganishwa na Choma ambako imeshuka sana. Tangu hapo mbu wamekamatwa, nyumba zimechorwa kwenye ramani, damu imepimwa mwaka baada ya mwaka.

Utafiti huo una faida, na sitaki msomaji aondoke akidhani naupinga. Ni watafiti waliogundua kwamba mbu wa huko aina ya Anopheles funestus wameizoea dawa ya kundi la pairethroidi, yaani kundi lile lile linalotiwa kwenye vyandarua. Ndiyo maana mwaka 2014 unyunyiziaji wa kuta ukahamia dawa ya pirimifosi-methili. Maambukizi yalipungua kiasi, lakini si kwa kiwango kilichotarajiwa. Nyumba zilizopuliziwa zilikuwa sehemu tu ya nyumba zote. Na funestus hungojei masika: huzaliana kwenye vinamasi visivyokauka, huuma mvua na kiangazi, ilhali dawa ya ukutani ina miezi yake na ikiisha imeisha.

Halafu kuna maisha yenyewe ya ziwani. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali hufunga uvuvi ili samaki wazaliane. Ni sheria yenye hekima kwa samaki. Lakini miezi hiyo ndiyo ya mvua, mbu wanaongezeka, na mfuko wa mvuvi umekauka. Baadhi ya familia huacha pwani na kwenda bara kulima, zikilala kwenye vibanda ambavyo mpulizia dawa hakuviona alipopita. Chandarua kilichobaki huenda kikatumika kuvulia chisense, dagaa wa ziwa hilo. Nimewasikia wenzetu wakiwacheka watu wa namna hiyo kwa kukosa elimu. Mimi naona mtu anayekigeuza chandarua kuwa wavu amepima njaa na homa, akaona njaa ndiyo iliyofika mlangoni kwanza.

Mwingine atasema: hao wameshazoea malaria, ndiyo kadari yao. Hapa tusimame. Neno "wamezoea" halina ukweli kwa mtoto wa miaka miwili. Kinga ya kiasi anayokuwa nayo mtu mzima katika eneo la malaria nyingi huipata kwa kuumwa mara nyingi akapona. Wasiopona hatuwaoni, kwa hiyo hatuwahesabu miongoni mwa waliozoea. Malaria kali huteketeza chembe za damu hadi mtoto akahitaji kuongezewa damu saa ile ile, na waliofuatilia watoto waliolazwa katika hospitali ya St. Paul's pale Kashikishi wameandika kuhusu uhaba wa damu na umbali wa safari ya kufika hospitalini.

Ama kadari, Umar bin Khattab (R.A) alishatufundisha namna ya kuizungumzia. Alipokuwa njiani kwenda Sham, akapata habari kwamba tauni imeingia huko, aliamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (R.A) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar alimjibu kwamba anatoka katika kadari ya Allah kwenda katika kadari ya Allah, akampigia mfano wa mchungaji aliyeshuka bondeni akakuta upande mmoja una majani na mwingine ni mkavu: popote atakapolisha, atakuwa amelisha kwa kadari ya Mola wake. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Tazameni mfano wenyewe. Umar hakukana kadari, ila hakumruhusu mchungaji kuwaacha wanyama penye ukavu halafu akasingizia kadari. Choma na Nchelenge ni pande mbili za bonde hilo, na kuna watu walioamua dawa ifike wapi, kwa kiasi gani, mwezi gani.

Liko swali jingine ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: Waislamu wa Nchelenge ni wachache, basi haya yanatuhusu nini? Zaka ina watu wake waliotajwa, na wanazuoni wengi wanaiweka kwa Waislamu. Sadaka na wema ni mlango mpana zaidi. Masahaba waliposita kuwapa jamaa zao washirikina, iliteremka aya ya 272 ya Suratul Baqara kuwaondolea wasiwasi huo. Na aya ya 8 ya Suratul Mumtahina haikatazi kuwatendea wema na uadilifu wasiotupiga vita. Mvuvi wa Kashikishi amempiga nani vita?

Tena wapo huko wanaozungumza lugha yetu. Mapigano ya Kongo ya mwaka 2017 yalivusha maelfu ya watu kutoka Haut-Katanga na Tanganyika, na mwanzoni mwa 2018 Zambia ikafungua makazi ya Mantapala, ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Nchelenge, wakimbizi na wenyeji wakitumia huduma pamoja. Wengi wa wakimbizi hao wanasema Kiswahili. Wenyeji lugha yao kubwa ni Kibemba, na ofisi zinaandika Kiingereza. Mama anayejua kueleza kwa Kiswahili kwamba mtoto "anastuka na kugeuza macho" anaweza kuondoka zahanati na panadoli kwa sababu tu maneno yake hayakufika.

Hapa ndipo kipimo chetu sisi wanafunzi kinapoonekana. Imepokewa katika Tirmidhi kwamba miguu ya mja haitaondoka mahali pake Siku ya Kiyama mpaka aulizwe mambo kadhaa, na elimu yake, aliifanyia nini, ni mojawapo. Mwenzetu wa afya ya jamii aliyekusanya majibu ya kaya 200, akapata alama yake na kuifungia ripoti kabatini, amepokea kamili. Kaya 200 zimebaki na kumbukumbu ya kijana mpole aliyeuliza maswali mengi asirudi tena.

Jambo la kufanya si kubwa. Likizo hii, wanaoandika mapendekezo ya utafiti waweke humo siku moja ya kurudi kijijini na nauli yake, na ukurasa mmoja wa matokeo katika lugha ya waliohojiwa. Msimamizi akisema si lazima, mwambieni kwenu ni lazima. Wa kitivo cha lugha tunawahitaji kwa tafsiri za maelezo ya dalili za hatari za malaria, kwa Kiswahili ambacho mtu wa Moba au Pweto atakielewa, si Kiswahili cha semina. Na kwa kuwa damu haitafsiriwi, jumuiya yetu ingeanza na siku ya kuchangia damu kwenye hospitali iliyo karibu nasi. Wodi yetu ya watoto nayo ina malaria, na mtoto atakayepewa damu hiyo hataulizwa dini ya baba yake.

Wabillahi tawfiq.