Amana ya Sikio

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na ali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, Ijumaa moja baada ya sala mzee mmoja alinishika mkono akaniambia, "Sheikh, sauti yako naisikia, lakini maneno siyapati." Ijumaa iliyofuata nikaamrisha kipaza sauti kizidishwe. Watoto wakaziba masikio, na mzee akanijia na neno lile lile. Hapo nikatambua kuwa natibu maradhi nisiyoyajua, nikenda kuuliza wenye ilimu.

Ndani ya sikio mna mfereji uliojikunja mfano wa gamba la konokono, nao una chembe kiasi cha 15,000 zenye vinyweleo vidogo mno. Zilizo mlangoni hupokea sauti nyembamba, na zilizo mwisho hupokea sauti nene. Zikifa hazioti tena. Na za mlangoni ndizo aghalabu zitanguliazo kufa, kwa uzee au kwa makelele.

Basi mvumo wa sauti ya mwanamume hutetemesha hewa mara 100 na ushei kwa sekunde, lakini msio wa herufi ya sini hupita mara 4,000. Maulamaa wa tajwidi waliziita sini, shini, fa na tha, pamoja na wenziwe, herufi za hams, yaani za kunong'ona. Mzee yule aliupata mvumo, akaikosa minong'ono. Na mvumo, hata ukizidishwa, hauwi herufi.

Tena sikio halihesabu kama mizani. Nguvu ya sauti ikizidishwa mara 10, sikio laiona imeongezeka kama mara 2 tu. Kwa hiyo mwenye kukizidisha kipaza sauti hudhani ameongeza kidogo, kumbe amemtwika jirani mzigo mkubwa. Wataalamu wameonya kuwa makelele ya desibeli 85 yasipite saa 8 kwa siku, na kila zikizidi desibeli 3 muda huo ukatwe nusu. Zikifika 100, hazibaki ila dakika 15.

Ni nani basi atakayejibu kwa ajili ya mtoto wa chuoni aketiye chini ya kipaza sauti, na mgonjwa akeshaye kwa arusi ya jirani? Wala tusijifiche nyuma ya dini. Adhana ni wito, na wito haufichwi. Lakini darsa ya watu ishirini haina haja ya kusikiwa mitaa mitatu. Luqman alimuusia mwanawe ashushe sauti, nasi twadhani heshima ya neno ni kishindo chake!

Ijumaa ya tatu nalikipunguza kipaza sauti, nikamketisha mzee safu ya mbele apate kuniona midomo, nikasema polepole. Baada ya sala alinishika mkono, akanisomea hotuba yangu yote, hata pale nilipokosea.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuhifadhi amana. Amin.