GARI LISILO NA LOGIBUKU NA NAMBARI ILIYO KATIKA CHUMA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Tumeulizwa suala na baadhi ya ndugu zetu wa Kiuu, katika upande wa Ruiru, na kwa kuwa suala lenyewe lawagusa wengi kuliko hao waliouliza, tumeona bora kulijibu katika ukurasa huu ili faida yake iwe ya wote. Suala ni hili: Mtu auziwa gari la kale lisilo na logibuku. Muuzaji asema logibuku ilipotea zamani, au ilikuwa kwa marehemu babake na haijulikani aliiweka wapi. Gari limekaa chini ya mti miaka mingi. Je, yampasa mnunuzi kuichunguza nambari iliyopigwa katika chuma cha gari hilo kabla ya kutoa fedha zake? Na je, kuchunguza huko si kumdhania mabaya ndugu yake Muislamu?

Kabla ya kujibu, natutazame kwa nini suala hili limezuka. Gari la namna hii lilikuwa likihesabiwa kuwa ni chuma chakavu, na asiyekuwa na haja ya chuma hakulitazama mara mbili. Leo mambo yamegeuka. Zile Volkswagen za mgongo wa kobe, zile Peugeot 404 iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963, na zile Land Rover za mashambani, zimekuwa ni vitu vinavyotafutwa. Nairobi yafanywa mashindano ya uzuri wa magari, Concours d'Elegance, tangu mwaka 1970, na tangu mwaka 2003 kuna safari ya mashindano ya magari ya kale peke yake. Na kila penye thamani mpya, huzuka pia tamaa mpya. Mtu ambaye hangethubutu kuiba gari lililo barabarani, aweza kujihalalishia gari la jirani aliyekufa au aliyehama, akisema moyoni mwake kwamba kitu kisichotumiwa hakina mwenyewe.

Twaona watu wamegawanyika makundi mawili katika jambo hili, na yote mawili yamekosea njia.

Kundi la kwanza lasema: Logibuku ni mambo ya serikali, si mambo ya dini; mbele ya Mwenyezi Mungu yatosha muuzaji kusema nimeuza na mnunuzi kusema nimenunua. Watu hawa wamesahau kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, nayo ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, haikuja kueleza sala wala saumu, bali imekuja kuamrisha kuandikiana deni, kuweka mashahidi, na kutochoka kuandika, liwe jambo dogo au kubwa. Dini iliyoteremsha aya hii haiwezi kuambiwa kwamba maandishi si mambo yake.

Kundi la pili lasema: Muuzaji ni Muislamu, twasali naye safu moja, na kumkagulia gari lake ni kumvunjia heshima. Hawa nao wamechanganya mambo mawili. Dhana mbaya iliyokatazwa katika Suratul Hujurat ni kumhukumu mtu ubaya pasi na hoja. Ama kuikagua bidhaa, hiyo si dhana, bali ni uangalifu. Na katika Sura hiyo hiyo tumeamrishwa kuhakikisha khabari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Mtume wetu (S.A.W.) alipita sokoni akakuta chungu ya nafaka, naye hakutosheka na kuitazama juu, bali aliingiza mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta maji. Yule mtu akatoa udhuru wa mvua, na Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka ule unyevu juu ili watu wauone, kisha akatoa lile onyo lake kali juu ya mwenye kughushi. Basi ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu aliingiza mkono katika nafaka ya sahaba, sisi ni nani hata tuone haya kuinua kiti cha gari tukatazama chini yake?

Sasa tuingie katika shina la jambo. Wanazuoni wetu wamesema kwamba kuwa na kitu mkononi ni dalili ya kukimiliki. Tukimwona mtu amevaa kanzu twasema ni kanzu yake, wala hatumdai shahidi. Lau isingekuwa hivyo, masoko yangefungwa. Lakini dalili hii imesimama juu ya ada za watu, na ada zahitilafiana kwa kila mali. Ada ya gari katika Kenya ni kwamba mwenyewe huwa na vitu viwili, gari na kitabu chake. Basi mwenye gari pasi na kitabu ana mkono nusu. Hatusemi kuwa ni mwizi, lakini hatuwezi kusema kwamba dalili yake imetimia. Na hapa yafaa kutanabahisha kwamba sheria ya nchi yenyewe haisemi kwamba logibuku ndio umiliki. Sheria ya Magari, Sura ya 403, yasema kwamba yule ambaye jina lake limeandikishwa huhesabiwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitike kinyume chake. Yaani karatasi ni ushahidi, kama vile mkono ulivyo ushahidi. Kwa hiyo mtu aliyepotelewa na kitabu hakupotelewa na haki yake. Kilichopotea ni ushahidi, na ushahidi uliopotea hutafutwa kwa ushahidi mwingine.

Na ushahidi wa mwanzo uko katika chuma chenyewe. Kila gari hupigwa nambari ya chesisi kiwandani, na nambari hiyo ndiyo iliyoandikwa katika daftari la serikali. Katika Volkswagen ya mgongo wa kobe nambari hupigwa juu ya mfereji wa katikati, chini ya kiti cha nyuma. Katika Land Rover za kale hutafutwa katika fremu, upande wa mbele, karibu na mahali springi inapofungwa. Mara nyingi kuna na kibati kilichopigwa ribiti chenye nambari hiyo hiyo. Mnunuzi na asitosheke na kibati, kwani kibati hung'olewa kwa bisibisi. Atazame ile iliyopigwa katika fremu, kisha alinganishe viwili hivyo.

Tena ajue kwamba nambari za zamani si kama za leo. Huu mpango wa herufi na tarakimu 17 ulikubaliwa na mataifa mwishoni mwa miaka ya 1970, na Marekani iliulazimisha kwa magari ya mwaka 1981 na baada yake. Ndani yake hamna herufi I, wala O, wala Q, zisije zikachanganywa na moja na sifuri. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na hesabu yake. Basi gari la mwaka 1963 likiwa na nambari fupi si aibu kwake, lakini likionyeshwa kuwa na nambari ya alama 17 hilo ni jambo la kuuliza. Na nambari hizo fupi zina maneno ndani yake: katika Land Rover za miaka ya 1960 tarakimu za mwanzo zilibainisha gari lililotoka kiwandani zima na lile lililopelekwa ng'ambo vipande vipande likaunganishwe huko. Jirani zetu wa Thika walijua vyema kazi hiyo ya kuunganisha, kwani kiwanda kilichoanzishwa huko katika miaka ya 1970 kwa jina la Leyland Kenya, kisha kikaitwa Kenya Vehicle Manufacturers, kiliunganisha Land Rover kwa mikono ya mafundi wa hapa hapa.

Katika kutazama, fundi mwaminifu hutafuta alama za khiyana: tarakimu zisizolingana kimo wala nafasi, chuma kilichong'arishwa kwa tupa mahali hapo tu na kwengine kuna kutu, mshono mpya wa kuchomelea ukizunguka kipande chenye nambari, rangi au puti nene mahali ambapo sumaku haishiki. Na katika mambo ya ajabu ni kwamba chuma hakisahau. Nambari ipigwapo, chuma kilicho chini yake hugandamizwa, na mwizi akiifuta kwa tupa hufuta sura ya juu tu. Wataalamu wa polisi wakipaka tindikali maalumu, mara nyingi ile nambari ya kwanza hurudi ikasomeka. Hilo lamtosha mwenye akili kuwa mawaidha, kwani Mola wetu ametwambia kwamba Siku ya Kiyama viungo vyetu wenyewe vitatoa ushahidi wa tuliyoyafanya.

Huenda mtu akasema: Haya ya kutazama alama na nambari ni mambo mapya, Waislamu wa kwanza hawakuyajua. Tutamjibu kwamba hakusoma hadithi ya Zaid bin Khalid al-Juhani, iliyomo katika Bukhari na Muslim, pale Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya mali iliyookotwa. Hakuamrisha kwanza kuihesabu wala kuitumia, bali aliamrisha kukitambua vyema chombo chake na kamba iliyofungiwa, kisha itangazwe mwaka mzima, na mwenyewe akija apewe. Nini kamba ya mkoba, kama si nambari ya chesisi ya zama zile? Ni alama ndogo isiyo na thamani yenyewe, lakini kwayo mali humrudia mwenyewe. Na aliyeikata kamba hiyo makusudi amemkata mwenye mali na haki yake.

Kuna na ubaya mwengine ulioenea, nao ni mkubwa zaidi. Mtu hununua makaratasi ya gari lililokwisha kuvunjwa, kisha akachukua nambari yake akaipachika katika gari jengine, likaonekana lina asili njema. Sisi twaufananisha uwongo huu na uwongo wa nasaba. Katika Suratul Ahzab tumeamrishwa kuwaita watoto kwa baba zao wa kweli, na ikiwa baba zao hatuwajui basi ni ndugu zetu katika dini. Hatukupewa rukhsa ya kuwabunia baba. Vivyo hivyo gari ambalo asili yake haijulikani na liitwe lisilojulikana, mpaka ijulikane. Kulibunia asili ni kumdhulumu mwenyewe wa kwanza, na atakayelinunua kesho, na hata dola iliyoaminiwa kuweka daftari.

Basi jawabu ya suala ni hii. Uchunguzi ni wajibu kwa kadiri ya uwezo, na hukumu yake yafuata matokeo yake.

Ikiwa nambari ni safi na muuzaji ana maelezo yanayokubalika, na waende pamoja polisi wapate taarifa ya kupotelewa, kisha waombe kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, kitabu chengine kwa jina la yule aliyeandikishwa, na nambari ikaguliwe na wapelelezi. Ikiwa aliyeandikishwa amekufa, gari hilo ni mirathi. Si la mtoto mkubwa aliyebaki nyumbani, bali ni la warithi wote, mabinti na wajane wakiwemo, na Waislamu wanayo Mahakama ya Kadhi iliyotajwa katika kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010. Ni mara ngapi twasikia kijana ameuza gari la babake na dada zake hawakuonja hata shilingi! Mnunuzi wa hapo amekula haki ya yatima akidhani amenunua chuma. Ama vile vyeti vinavyotolewa Ulaya kutoka katika madaftari ya viwanda, kama vya British Motor Museum ya Gaydon, vyafaa kujulisha gari lilizaliwa lini na kwa rangi gani. Lakini cheti cha kuzaliwa si cheti cha umiliki.

Ikiwa nambari imefutwa au imeghushiwa, haifai kununua, hata bei ikiwa ni ya kutupa; na bei ya kutupa yenyewe ni shahidi. Na ikiwa mambo hayakubainika huku wala huku, tumefundishwa katika hadithi ya Nu'man bin Bashir kwamba baina ya halali iliyo wazi na haramu iliyo wazi kuna yenye kutatiza, na mwenye kuyaepuka hayo ameihifadhi dini yake na heshima yake.

Imebaki kauli moja nzito. Fundi maskini asema: Nimekwisha kulipa, nimetia injini na rangi, kisha nimegundua kwamba gari ni la wizi, nami sikuiba. Mbona khasara iwe yangu? Twamhurumia kwa kweli, wala hatusemi kwamba ana dhambi ya alichokuwa hakijui. Lakini mwizi hakuwa na milki, na asiyekuwa na milki hana cha kumpa mwenziwe. Gari hurudi kwa mwenyewe, na fundi humdai aliyemuuzia. Lau tungesema kwamba jasho la mnunuzi lafuta haki ya mwenye mali, basi kila mwizi angetafuta mnunuzi mwenye bidii. Ama yule anayesema, "Sitatazama nambari ili nisije nikajua," huyo hana udhuru wa ujinga, kwa sababu ujinga wake ameununua kwa macho yake mawili.

Na lenye kustaajabisha zaidi ni kwamba miongoni mwetu wako wanaotoa fedha kwa hirizi ya kufunga katika usukani ili gari lisipatwe na jicho, nao hawakutoa nusu saa kutazama kama gari hilo ni lao. Baraka ya mali haiji kwa uzi mweusi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi ya Hakim bin Hizam, kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uwongo, baraka hufutwa.

Twawausia ndugu zetu mafundi na madalali, wa Kiuu na wa kila mahali, wawe wa kwanza kuinua kiti na kuonyesha nambari kabla ya kuombwa. Soko ambalo Waislamu wake wajulikana kwa jambo hili moja litakuwa ni da'wa kubwa kuliko hotuba nyingi.

Twamuomba Mwenyezi Mungu aturuzuku halali, atutosheleze nayo, na atuepushe na kula mali za watu kwa batili. Amin.